Mdaka Mishale wa Toledo

Kijana wangu alirudi kutoka mazoezini Jumamosi moja ya mwezi wa nne akiwa kauficha mkono wa kushoto mfukoni mwa jaketi. Mtoto wa miaka 11 akificha mkono, ujue kuna jambo. Nikauvuta, nikaufungua. Kiganja kilikuwa chekundu kama cha bibi harusi aliyepakwa hina ya kwanza, na shina la kidole cha shahada limevimba kama andazi lililozidi hamira.

"Nani kakupiga?"

"Mpira, baba. Kocha kaniweka kudaka. Wenzangu wote wamekataa."

Mimi ni mtu wa Tanga. Columbus, Ohio, nimefika nikiwa na ndevu tayari, na besiboli niliikuta kama nilivyoikuta theluji: jambo la wenyeji, unalitazama dirishani huku umeshika kikombe cha chai. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiiona kwenye runinga za vinyozi. Wanaume wazima wamesimama uwanjani, dakika nzima hakuna kinachotokea, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Nikasema huu si mchezo, huu ni mkutano wa kijiji unaomsubiri mwenyekiti. Siku hizi nimebadili mawazo, ingawa si yote.

Usiku ule, kwao kumekucha, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hamjambo huko? Mtoto mzima?"

Nikamwambia mtoto kaumia kidole kwenye besiboli. Mjomba alikuwa golikipa enzi zake, timu ya mtaa pale Chumbageni, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havinyooki mpaka leo. Habari ya kidole kwake si habari ndogo. Akataka aelezwe kazi yenyewe.

"Anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji yuko mbele, anavurumisha mpira kwa nguvu zake zote. Mpigaji akiukosa, mtoto anaudaka."

"Yaani unarushwa kumfuata yeye, makusudi?"

"Ndiyo."

"Na huyo aliye mbele yake kashika gongo?"

"Ndiyo."

"Analizungusha?"

"Analizungusha."

Mjomba akanyamaza kidogo. "Na mama yake kakubali?"

Huku mtu wa nafasi hiyo wanamwita kecha. Watangazaji wetu wa kandanda wana jina lao la golikipa, mdaka mishale, na tangu nianze kuuelewa mchezo huu naona jina lile tulimpa mtu asiye sahihi. Golikipa anaweza kumaliza kipindi kizima jezi ikiwa safi, akijisogeza huku na huku ili asipoe. Mdakaji wa besiboli kwenye ligi kubwa anarushiwa mipira zaidi ya mia kwa mechi moja, kila mmoja akiwa kachuchumaa, mingi gongo likimpita mbele ya pua. Anavaa kinyago cha waya, ngao ya kifua na vikinga vya ugoko, na wachezaji wenyewe kwa utani wao wa zamani vifaa hivyo wanaviita zana za ujinga, maana mwenye akili asingekwenda kukaa mahali panapohitaji kuvivaa.

Juu ya kudaka, ndiye anayeuendesha mchezo. Wenzake wote wameelekea kwake, yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja mzima mbele yake. Kwa desturi anauficha mkono katikati ya mapaja na kumwonyesha mrushaji vidole. Kimoja, leta wa kasi. Viwili, leta wa kupinda. Mrushaji akikubali anarusha, asipokubali anatikisa kichwa na mdakaji anatoa ishara nyingine. Wakishapatana, glavu inakwenda kuusubiri mpira pale utakapofika. Wasipopatana, mpira wa kupinda unafika na mkono uko kwingine. Kijana wangu amebandika vipande vya plasta nyeupe kwenye kucha ili rafiki yake anayerusha avione vidole vizuri. Habari hii ya vidole ndiyo iliyonifanya niandike, nitairudia.

Kwenye mechi ya tatu hivi, mzee mmoja Mmarekani Mweusi, babu wa mtoto mwingine wa timu yetu, alikaa pembeni yangu kwenye yale mabenchi ya bati yanayounguza makalio wakati wa jua. Akamtazama kijana anavyoinuka na kuchuchumaa, akasema, hiyo ndiyo namba ya Fleet Walker. Nikadhani anamtaja mchezaji wa sasa. Akacheka. Akasema nikamtafute, mtu wa Ohio hii hii, akarudi kwenye karanga zake.

Moses Fleetwood Walker alizaliwa Oktoba 7, 1856, Mount Pleasant, mji mdogo wa mashariki mwa Ohio uliojaa Wakweka, watu wa dini waliokuwa wakiwaficha watumwa waliotoroka. Ng'ambo ya Mto Ohio siku hizo ilikuwa Virginia, nchi ya utumwa. Upande huu mtu ni huru, upande ule mtu ni mali, na kati yao ni maji tu. Baba yake alikuwa tabibu na mchungaji, na familia ikahamia Steubenville, mji mkubwa kidogo kando ya mto huohuo. Naligusia hili kwa sababu tumezoea shujaa atoke kwenye vumbi, peku, mpira wa makaratasi. Huyu alitoka kwenye nyumba yenye vitabu. Akaenda Oberlin, chuo kilichokuwa kikipokea wanafunzi Weusi tangu miaka ya 1830, na mwaka 1881 chuo kilipounda timu ya kucheza na vyuo vingine, mdakaji alikuwa yeye. Chuo Kikuu cha Michigan kikamwona, kikamchukua. Akawa anasoma sheria huku akidaka.

Sasa tuzungumzie mikono, kwa sababu ukisoma habari zake bila kuiwaza mikono yake hujasoma kitu.

Glavu ya mdakaji wa leo ni kama mto mdogo wa ngozi. Mwaka 1884 hakukuwa na kitu hicho. Kinyago cha waya kilikuwa kimeshaingia, ngao ya kifua ndiyo kwanza inaanza, vikinga vya ugoko mchezaji wa ligi kubwa alikuja kuonekana navyo hadharani mwaka 1907. Kijana aliyekuwa akiokota magongo ya timu ya Toledo alikuja kusimulia utu uzimani kwamba Walker wakati mwingine alivaa glavu za ngozi ya kondoo, za kawaida, zilizopasuliwa vidole na kuwekwa pamba kidogo kiganjani. Lakini mara nyingi, alisema, alidaka mikono mitupu.

Mitupu! Na mrushaji wa mwaka 1884 alisimama futi 50 kutoka kwa mpigaji, mita 15 na kidogo. Leo kwenye ligi kubwa ni mita 18 na ushee. Watoto wa umri wa mwanangu wanarushiana kutoka mita 14. Kwa hiyo mpime mwenyewe: umbali ni wa watoto, mrushaji ni mwanamume mwenye mkono wa kulipwa. Wadakaji wa zama hizo mara nyingi walisimama nyuma kabisa na kuuacha mpira udunde kwanza. Lakini wapinzani wakiwa njiani kwenye vituo, zile alama wanazozikimbilia ili wapate pointi, ilibidi wasogee hadi mgongoni mwa mpigaji, la sivyo mpinzani anaiba kituo kinachofuata kwa mbio.

Nilifanya ujinga wangu. Jirani yetu ana kijana wa sekondari anayerusha, nikamwomba anirushie nyuma ya nyumba, mikono mitupu, nusu ya nguvu zake. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, si kitu, papai changa linauzidi. Wa kwanza niliudaka nikajiona mwanamume. Wa pili ulitoa sauti ya kofi na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Wa tatu uligonga ncha ya kidole cha kati, na siku mbili nilikuwa nikiwasha gari kwa mkono wa kushoto. Mke wangu, mtu wa Nanyuki, hakunipa pole. "Si ulikuwa unatafuta historia? Umeipata."

Tukio linalonikaa zaidi kichwani lilitokea kabla Walker hajawa mchezaji wa ligi kubwa. Agosti 1881, timu ya kampuni moja ya vyerehani ya Cleveland ilimkodi, ikaenda naye Louisville, Kentucky. Wenyeji wakasema mtu Mweusi hachezi hapa. Cleveland wakakubali yaishe, wakamweka mwingine kudaka. Yule mwingine alidaka kipindi cha kwanza tu, mikono ikamvimba, akagoma. Hapo watazamaji wenyewe, watu wa Kentucky, wakaanza kumwita Walker. Akashuka uwanjani kwa kusitasita, akapasha misuli, akadaka na kurusha mipira kadhaa kwa namna iliyowafanya watu wapige makofi. Wachezaji wawili wa Louisville wakaondoka zao wakaenda kukaa chumbani. Mchezo ukasimama. Mwishowe mchezaji wa Cleveland aliyekuwa akilinda kituo cha tatu akajitolea kudaka, na Walker akarudi kukaa.

Fikiria lile jukwaa. Hawakuwa wamegeuka kuwa wapenda usawa ghafla, sidhani. Walikuwa wamelipa kiingilio, wamemwona mdakaji asiyejua kudaka, na pale pembeni kakaa anayejua. Shabiki wa mpira ana uchoyo wake, na siku nyingine uchoyo huo unafanya kazi ambayo dini imeshindwa.

Mwaka 1883 akasajiliwa na Toledo, kaskazini mwa Ohio kando ya Ziwa Erie. Kwenye mkutano wa ligi kabla ya msimu klabu ya Peoria ilitaka Weusi wapigwe marufuku, hoja ikaanguka, akacheza. Agosti 10 wakaja Chicago kwa mechi ya kirafiki, na Chicago ya siku hizo ilikuwa chini ya Cap Anson, nahodha, meneja na nyota mkubwa kuliko wote. Anson akatangaza kwamba vijana wake hawachezi na Mweusi. Uhondo wa kisa ni huu: Walker siku ile hakuwa apangwe kabisa. Mikono ilikuwa inamuuma, meneja Charlie Morton alishapanga kumpumzisha. Lakini Morton alipofikishiwa vitisho alichukia, akamwingiza Walker upande wa kulia wa uwanja, mbali na kazi ya mdakaji, na akawaambia Chicago wakigoma hawapati senti ya viingilio. Anson akatukana, akahesabu hasara, akacheza. Chicago walishinda 7 kwa 6, baada ya kipindi cha ziada.

Mwaka uliofuata Toledo wakapanda kwenye American Association, iliyohesabiwa ligi kubwa. Mei 1, 1884, Walker akacheza mechi yake ya kwanza, na ratiba haina huruma: mechi ilikuwa Louisville, palepale. Hakupata hata pigo moja, akaandikiwa makosa manne. Toledo wakafungwa 5 kwa 1.

Wapo watakaosema hakuwa Mweusi wa kwanza ligi kubwa, kwamba mwaka 1879 William Edward White aliichezea Providence mechi moja, naye mama yake alikuwa mtumwa. Sawa. White aliishi akihesabiwa Mzungu. Walker alihesabiwa Mweusi kila uwanja alioingia, na alilipa bei yake.

Mrushaji mkuu wa Toledo mwaka ule alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Cork, Ireland, sharubu safi, mtu aliyeweza kurusha kwa mikono yote miwili. Alishinda mechi 36 msimu huo. Mwaka 1919, mzee tayari, Mullane aliwasimulia waandishi habari za mdakaji wake wa zamani. Alisema Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliowahi kurushia. Halafu akasema, bila kupepesa, kwamba yeye hakuwapenda watu Weusi, na kila alipomrushia Walker alirusha anachotaka bila kuzitazama ishara zake. Siku moja Walker alimwonyesha mpira wa kupinda, yeye akampelekea wa kasi. Walker akauacha mstari wake, akamfuata hadi alipo, akamwambia nitakudakia bila ishara, lakini sikudakii ukiwa unanisaliti baada ya kuzitoa. Na tangu siku hiyo, alisema Mullane, alidaka kila alichomrushia bila kujua kinachokuja.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikainuka, nikaenda kumwangalia mwanangu alivyolala na plasta zake kwenye kucha.

Wengi wanaomtaja Mullane humtaja kama mfano wa ubaguzi, wakamaliza. Mimi nimekwama kwenye upande wa ufundi. Binadamu ana sehemu ndogo sana ya sekunde kuamua mkono uende wapi. Ishara zipo ili mdakaji asikisie. Ukiziondoa, umemwachia macho tu na miguu, na mikono mitupu, na gongo linalopita mbele yake. Halafu kuna mwandishi wa alama pembeni ya uwanja na daftari lake. Mpira ukimpita mdakaji, mwandishi haoni kwamba ishara ilikuwa vidole viwili na mrushaji akaipuuza. Anaona mpira umepita. Anaandika kosa: Walker. Mrushaji akishinda, anaandika ushindi: Mullane. Leo ukiufungua ukurasa wa takwimu wa 1884 utakuta makosa ya Walker ni mengi, na wapo wanaozipitia takwimu hizo wakasema alipiga vizuri ila kudaka kulimshinda. Alipiga wastani wa .263, yaani kama mapigo 263 kwa kila majaribio 1,000, juu ya wastani wa ligi yake. Kudaka hakukumshinda, kwa ushahidi wa mtu aliyemchukia.

Alicheza mechi 42. Mdogo wake Weldy aliletwa akacheza 5. Kwenye mwezi wa tisa ikaja barua kutoka Richmond, Virginia, kwa meneja Morton, ikimwonya asimlete Walker maana watu 75 wameapa kumshambulia. Majina yaliyotiwa chini yake yalikuwa ya uongo. Walker hakucheza Richmond. Mwili ulikuwa umeshamtangulia kukataa: mbavu, mikono, majeraha juu ya majeraha, na Toledo wakamwacha kabla msimu haujaisha.

Ligi kubwa hakurudi tena. Akazunguka ligi ndogo, Cleveland, Waterbury, kisha Newark mwaka 1887, ambako alimdakia George Stovey, mrushaji Mweusi hatari. Hatimaye akapata mrushaji anayetazama vidole vyake. Stovey alishinda mechi zaidi ya 30 msimu ule. Mimi si mtaalamu wa takwimu, lakini hapo sihitaji mtaalamu.

Haikudumu. Julai 14, 1887, Newark walikuwa wacheze na Chicago ya Anson, na safari hii Anson alipata alichokitaka, Stovey na Walker wakakaa nje. Siku hiyohiyo, huko Buffalo, viongozi wa International League walipiga kura 6 kwa 4: mikataba mipya ya wachezaji Weusi isipitishwe. Walker alikwenda Syracuse, akatwaa nao ubingwa wa 1888, akaachwa Agosti 1889. Baada yake hakuna Mweusi aliyecheza ligi hiyo hadi Jackie Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946.

Hapa ndipo wengi hufunga simulizi, na naelewa kwa nini, kwa sababu maisha yaliyofuata hayakai vizuri kwenye bango. Aprili 1891, nje ya baa moja Syracuse, kundi la Wazungu lilimtolea maneno, jiwe likampata kichwani, Walker akachomoa kisu, na mtu mmoja akafa. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwachia huru, na ukumbi ukashangilia. Mwaka huohuo alipata hataza ya uvumbuzi wa kombora la mizinga. Baadaye akawa karani wa barua kwenye treni, na mwaka 1898 akafungwa mwaka mmoja kwa kuiba barua zilizosajiliwa. Alimzika mke wa kwanza, Arabella, akaoa tena, na kuanzia 1904 yeye na mke wa pili, Ednah, wakaendesha jumba la maonyesho Cadiz, Ohio. Sinema zilipoingia akaonyesha sinema, na mwaka 1920 akapata hataza nyingine za vifaa vya kubadilishia mikanda ya filamu. Kichwa hakikupumzika kamwe.

Na pale katikati kuna jambo lililotukusanya mimi na mke wangu mezani. Karibu na mwaka 1902, Walker na Weldy walihariri gazeti Steubenville. Jina la gazeti: Ikweta. Mke wangu kakulia Nanyuki, ambako kuna kile kibao cha Ikweta ambacho watalii wanapigia picha na vijana wanadai kukuonyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni, upande huu hivi, upande ule vile. "Huyu mtu wa Ohio alitaka nini na kwetu?"

Alitaka kuja. Mwaka 1908 alichapisha kijitabu cha kurasa 47 akisema Weusi wa Marekani hawana maisha kati ya Wazungu, waondoke wote warudi Afrika. Nilikisoma nikiwa nimekaa Columbus, mtu aliyeondoka Afrika kwa hiari yake kuja Ohio, nikawa sijui nicheke au ninyamaze. Afrika yake ni ya kwenye ramani, haina watu wenye majina, haina foleni ya maji wala mjomba wa kumpigia simu. Na hakuna mahali anapowauliza wenyeji kama wanapokea wageni milioni kadhaa. Sikubaliani naye karibu ukurasa kwa ukurasa. Lakini kila nilipotaka kukiweka chini nilikumbuka kwamba aliyeandika alisoma Oberlin pamoja na Wazungu, akacheza nao, akawadakia bila ishara. Hakuwa akibahatisha. Yeye mwenyewe hakwenda. Alifariki Mei 11, 1924, Cleveland.

Mwezi wa nane tulikwenda Steubenville, mimi na kijana. Kutoka Columbus ni saa mbili na nusu kwa gari, na njia inapita Cadiz, ambako wageni wengi husimama kwa ajili ya mahali alipozaliwa mwigizaji Clark Gable. Sisi tulisimama kununua soda. Makaburi ya Union yako kwenye vilima, miti mikubwa, mawe ya zamani yamelala kama meno ya mzee. Walker alizikwa hapo karibu na Arabella bila jiwe lolote, akakaa hivyo miaka 66, hadi wanamichezo wa zamani wa Oberlin walipomwekea mwaka 1990. Tulilitafuta jiwe karibu saa nzima. Kijana ndiye aliyeliona. Akalisoma, akaniuliza kama Walker alikuwa na vidole vilivyopinda kama vya babu wa Tanga. Nikamwambia lazima.

Tangu 2017 Ohio ina sheria kwamba Oktoba 7 ni Siku ya Moses Fleetwood Walker. Mwaka huu nilimwuliza msimamizi wangu kazini, kwa utani, kama ni mapumziko. Akadhani ni sikukuu ya dini yetu.

Jumapili iliyopita nilimsimulia mjomba kisa chote, na kwa kuwa ni golikipa hakushughulika na Anson wala kura za Buffalo. Alitaka habari za vidole tu. Akanifanya nirudie: ishara ilitolewa? Ilitolewa. Yule akaiona? Aliiona. Akarusha mwingine? Akarusha mwingine.

"Sasa mpira ukimpita pale, kosa anaandikiwa nani?"

"Mdakaji."

"Hata huko?"

"Hata huko, mjomba."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu jogoo akawika nyuma yake, kule Chumbageni. Akauliza kidole cha mtoto kimepona.